Debe la Bi Somoe

Mwaka ambao ufuta ulikubali, Bi Somoe alikamua debe zima la mafuta, akatangaza sokoni kwamba yanalainisha magoti na mboga pia. Habari zikamfikia Bwana Likwata, mkaguzi wa wilaya.

"Kinacholainisha magoti ni dawa," alisema Likwata, "na dawa isiyopimwa naichukua ikachunguzwe. Debe lote."

Debe lile ndilo lililokuwa tegemeo lake la mwaka mzima, lakini Bi Somoe hakubisha.

"Sawa, mwanangu. Niandikie basi kwamba hiki si chakula, ni dawa isiyopimwa, nisije nikasahau kosa langu."

Likwata akaandika, akagonga mhuri.

"Ila uyaweke mbali na jiko," bibi akaongeza. "Kijiko kimoja kikiangukia kwenye kisamvu kinachokaribia kuiva, harufu yake humrudisha mgeni aliyekwisha kuaga."

"Mimi ni mtumishi wa umma, mama," alijibu Likwata, akimeza mate.

Jumamosi, kama mtaa mzima ulivyojua, Likwata alimwalika mkuu wake wa kazi chakula cha mchana. Bi Somoe alisimama nje ya ua mpaka harufu ikamfikia, ndipo akapiga hodi. Mkuu alikuwa kwenye sahani ya tatu ya kisamvu.

"Nimekuja kumjulia hali mgeni," alisema Bi Somoe, akikunjua karatasi. "Maana humu nimeandikiwa kwamba..."

"Mama," Likwata alimkatiza, "uchunguzi umekamilika. Debe lako nalileta sasa hivi."

"Na majibu?"

"Ni chakula."

"Andika, mwanangu," alisema Bi Somoe. "Na mhuri."