Jumbe Aliyehesabu Moshi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji cha wachemsha chumvi. Kutwa vyungu vinatokota: bwata, bwata, bwata!

Jumbe wao aliitwa Mbwera. Kila mwezi ukiandama, hukaa barazani akahesabu moshi. Moshi mmoja, kapu moja la chumvi. Ndiyo kodi. Moshi mwembamba, kapu. Moshi mnene, kapu.

"Watu wote sawa!" husema Jumbe, na kichwa kimemvimba.

Haya, utazameni usawa wenyewe. Tajiri Shebwana alichimba handaki refu, akawasha moto mmoja, akapanga juu yake vyungu arobaini. Moshi mmoja! Anatoa kapu moja, yaliyobaki hajui ayaweke wapi. Mjane Mashavu ana kachungu kamoja. Anapata makapu mawili, anatoa moja, hilo jingine abadilishe kwa mtama wa wanawe. Mtama hautoshi.

Asubuhi moja Mashavu akafunga mzigo, analia. Akaonwa na Bibi Nyange, ajuza wa pale. Jamani, palikuwa na bibi!

"Waenda wapi, mwanangu?"

"Nahama, bibi. Wanangu watakufa njaa na kodi hii."

"Subiri mwezi uandame. Kwanza lete chungu chako."

Bibi akapita nyumba hadi nyumba, fimbo ko! ko! ko! "Zima moto, lete chungu! Zima moto, lete chungu!" Wakachimba handaki kama la Shebwana, refu zaidi.

Mwezi ukaandama. Jumbe akakaa barazani, akahesabu. Moja... mbili. Akafikicha macho. Moja... mbili.

"Mama yangu! Watu wamekufa!"

Akatimka, kanzu kaikunja mkononi, papatu papatu papatu! Akawakuta wazima wote, wanaimba kando ya moto mmoja.

"Moshi wangu uko wapi?"

"Huo hapo juu, Jumbe," akasema Bibi Nyange. "Na kapu lako hili."

"Kapu moja, kijiji kizima? Hii hila!"

"Kwa Shebwana ilikuwa akili. Kwetu imekuwa hila?"

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akajikaza, akashindwa, akacheka naye.

"Sasa kile kisima cha kijiji nilichowaahidi nitakichimba kwa mali gani, bibi?"

"Kwa kodi. Nani kaikataa? Ila pima chumvi, baba, moshi uache uende zake. Kila kapu, chota kata moja."

Shebwana, aliyekuja kuchungulia, akaruka. "Mimi nitatoa kuliko wote!"

"Na utabaki na nyingi kuliko wote. Au tubadilishane? Chukua kachungu ka Mashavu."

Shebwana akaketi upesi! Jumbe akakubali palepale.

Mashavu akatoa kata mbili tu. Akafungua mzigo wake, akasonga ugali, wanawe wakala mpaka wakasinzia na matonge mkononi. Alifurahi, na mimi nafurahi kila nikisimulia.

Basi nyie mtakaofanywa majumbe siku moja, kabla hamjasema watu wote sawa, chungulieni kwanza vyungu vyao. Hadithi yangu imekomea hapa. Mwenye yake aanze.