Mlango wa Bi Tatu na Ufunguo wa Radi

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi bali zamani ya lami, palikuwa na tajiri mmoja huko Muheza, Ghalib Mbwana, aliyekusanya magari. Alinunua moja, alinunua la pili, alinunua hata la kumi. La kumi na moja aliliita Radi. Duniani yalitengenezwa matatu tu ya aina yake, na hilo ndilo lililovunja rekodi ya mwendo. Ghalib alilifungia chumbani, akalifunika shuka ya hariri. Halikuendeshwa. Alisema kila kilometa ingelipunguzia thamani.

Asubuhi moja Ghalib alikuwa safarini, na yale magari kumi yalikuwa kwenye maonyesho. Mkewe, Bi Rukiya, akaumwa na nyoka bustanini. Hospitali ilikuwa kilometa arobaini.

Ufunguo wa Radi alikuwa nao fundi Mshamu, mzee aliyelitunza gari hilo. Alikuwa amemwapia Ghalib kwa msahafu kwamba halitatoka bila yeye. Mshamu akautazama mguu unaovimba. Akavunja kiapo. Injini ikanguruma. Lakini macho yake yalikuwa na ukungu, kuendesha hawezi.

"Babu, nipishe," akasema Nasra, dereva wa trekta la shamba.

"Mwanangu, hili si trekta!"

"Lina usukani? Basi."

Nasra akaendesha. Miti ikapita, nguzo zikapita, vijiji vikapita. Kisha, tuta. Radi lilikuwa chini mno. Tumbo likagota, likakwama. Watu wakaangua kicheko.

"La rekodi hilo? Baiskeli yangu inapita hapo!"

Bi Tatu, mjane muuza maandazi, akachungulia kioo. Akamwona mgonjwa, akaacha kucheka. Akauondoa mlango wa nyumba yake, mlango aliochongewa na marehemu mumewe, akaulaza juu ya tuta. Nasra akalirudisha Radi nyuma kidogo, likapanda, mlango ukapasuka, Radi likapita.

Bi Rukiya akapona. Daktari akasema dakika kumi zaidi zingemmaliza.

Ghalib aliporudi, akapiga magoti mbele ya gari, akapapasa bampa lililovunjika kwenye tuta, machozi yakamtoka.

"Mume wangu," akauliza Bi Rukiya, "unalilia bampa au unanililia mimi?"

Ghalib akainamisha kichwa. Akamwekea mkewe ufunguo kiganjani. "Mpe aliyekuokoa. Mmoja tu, maana Radi halikatwi vipande."

Wakaitwa wote watatu.

Mshamu akasema, "Miaka sita nimelitunza, ndiyo maana liliwaka. Tena nimevunja kiapo. Nani ataliamini tena neno langu?"

Nasra akasema, "Babu, bila mimi mngekaa mkisikiliza ngurumo. Ningeteleza kidogo tu, ningekufa naye."

Bi Tatu akasema, "Hawa wanakula mshahara wenu. Mimi hata jina lako sikulijua, bibi. Na mkono ulioniachia ule mlango hautachonga mwingine."

Bi Rukiya akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Ufunguo ulikuwa umepata joto mkononi mwake.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Mmoja alitoa neno lake, mmoja aliweka roho yake rehani, mmoja alitoa kumbukumbu ya mumewe. Je, nani alistahili?