Nguzo ya Mlangoni

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa uongo atakudanganya, na ukimlea kwa ukweli jiandae, maana ipo siku ukweli huo atakuambia wewe.

Mzee Timazi, fundi mkuu wa ujenzi, alipewa jina hilo, la uzi wenye risasi wa kupimia wima, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka. Binti yake alipokuwa mdogo, alimpa nyundo agonge nguzo na kutega sikio: zege zima hutoa mlio mkali, lenye uwazi ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Siku moja binti alisema, "Nzima, baba," ili kumfurahisha tu. Mzee akamrudisha.

"Nguzo haijui sifa. Gonga tena."

Miaka ikapita, binti akawa mhandisi. Ndiye aliyetumwa kukagua ukumbi wa shule mpya, kazi ya mwisho ya baba yake kabla ya kustaafu. Alibandika kifaa cha kutuma sauti upande mmoja wa nguzo na cha kuipokea upande wa pili. Palipo na zege zima sauti hupita upesi. Penye uwazi huzunguka, ikachelewa. Nguzo zote zilipita isipokuwa ya mlangoni, iliyong'aa kuliko zote.

"Pima tena, mama," Mzee alisema.

Akapima. Sauti ikachelewa vilevile.

Mzee alimsogelea, akanong'ona, "Andika ni nzima. Nitairekebisha mwenyewe polepole, watu wasijue. Usinivunjie jina uzeeni."

Machozi yalimlengalenga binti, lakini hakuyumba. "Baba, nguzo haijui sifa. Na chini yake watapita watoto wa watu."

Mzee aliinamisha kichwa. Aliona haya, tena haya ya kweli. Kisha akaagiza dari liegemezwe kwa magogo, akashika nyundo na tindo, akaichimba nguzo yake mwenyewe mbele ya mafundi wote. Nyuma ya ule uso laini kulikuwa na kokoto tupu zilizoachana, mkono mzima ungeingia.

"Mzee, bintiyo hana huruma," nyapara wa mafundi alisema.

"Anayo. Ndiyo maana hakuninyamazia." Mzee alijipangusa vumbi, akamshika binti yake bega, kifua kimemjaa fahari. "Nguzo ile imenitia aibu, nitaijenga upya. Lakini hii hapa nimeigonga leo kwa nguvu zangu zote, na ni nzima mpaka ndani."

Hakika, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.