Neno la Wawili Katika Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wadudu na watu walipokuwa wakisikilizana, siafu walikaa chini ya gogo la mvule, karibu na mto. Siafu akiwa safarini amebeba yai, kichwa chake hushika neno moja tu. Likiingia la pili, la kwanza hutoka.

Masika moja maji yakaanza kuingia shimoni. Malkia akampa neno tarishi wake, Chenda, apite akiwaambia wote: kilimani.

Chenda akatoka. Tone la mvua likampiga, akaviringika, akainuka. Akapita akisema, "Bondeni, bondeni, bondeni." Hakudanganya, ndilo neno alilojikuta nalo. Safu tatu zikateremka na mayai yao, mto ukazichukua. Askari mmoja, Mashavu, aliponea kwenye unyasi. Dada yake alikwenda na maji.

Mashavu aliporudi shimoni akakuta waliobaki wamemzunguka Chenda, wanataka kumkata vipande. Akajipenyeza, akasimama mbele yake.

"Mkimuua huyu, tone litampiga mwingine," akasema. "Kosa letu ni kusikiliza kinywa kimoja."

Malkia akauliza wafanye nini, na maji yanapanda. Mashavu akaomba watumwe matarishi kumi badala ya mmoja. Na kila siafu, popote njiani, asimamishe wenzake watatu. Neno la wawili alishike, hata kama lake ni jingine.

Siafu mmoja akalalamika kwamba kichwa chake hakiwezi kubeba maneno ya watatu.

"Usiyabebe," Mashavu akamwambia. "Waulize kwa pamoja, shika lililosikika zaidi, uende."

Wakatoka. Mvua ikawapiga, ikawapiga, ikawapiga. Wengi wakaangusha neno wakaokota jingine. Lakini kila hatua chache siafu mmoja alisimama akauliza:

"Wapi?"

"Kilimani."

"Bondeni."

"Kilimani."

Basi akapanda. Na yule wa bondeni naye akauliza watatu wake, akageuka.

Juu walifika wengi, si wote. Chenda alikuwa katika wa mwisho. Akalitua yai lake, akamwambia Mashavu kwamba tone lilimpiga tena, akaanza kuteremka, mpaka wenzake watatu wakamrudisha.

Mashavu akasogea kidogo, akampa nafasi ya kulala.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Atakayeibeba na aibebe.