Njugu Iliyopungua kwa Bi Kindi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa lundo la njugu, na tumbo la Fisi limekaa pembeni.

Hapo kale, katika bonde moja, Fisi ndiye aliyekuwa mpimaji wa mavuno. Halimi, hapalilii, kazi yake kupima tu. Desturi yake ilikuwa hii: anataja namba, kuanzia mbili mpaka kumi, na njugu zako zinapangwa mafungu ya namba hiyo. Zikienea sawasawa, ni zako. Ikibaki hata moja, umeiba, na lundo lote ni la Fisi. Nawauliza, desturi gani hiyo? Lakini meno yalikuwa yake.

Alimpima Nungunungu, zikabaki mbili, akabeba. Alimpima Kanga, ikabaki moja, akabeba. Sasa ilikuwa zamu ya Bi Kindi, mjane mwenye watoto wanne na lundo moja la kuwavusha kiangazi.

Bi Kindi akaamua kujipima mwenyewe kwanza. Akapanga mbilimbili, ta, ta, ta: ikabaki moja. Tatutatu, ta, ta, ta: zikabaki mbili. Nnenne: tatu. Tanotano: nne. Hivyo hivyo mpaka kumikumi, zikabaki tisa. Alitaka kulia, maana hapakuwa na namba ya kumwokoa. Kisha akazitazama zile tisa. Zimepungua ngapi kuwa kumi? Moja. Na zile nne kuwa tano? Moja. Kila mara fungu la mwisho lilipungukiwa na moja tu! Njugu zake zilikuwa elfu mbili mia tano na kumi na tisa. Akiongeza moja, Fisi na ataje namba aipendayo. Lakini ataitoa wapi? Njugu nyingine zote za bondeni zilikuwa ghalani kwa Fisi.

Kesho yake Fisi akaja, tumbo mbele. Bi Kindi akamwamkia kwa adabu zote.

"Mzee, najua lundo hili utalichukua tu," akasema. "Ila Chui kapita hapa asubuhi, analimezea mate. Tia humo njugu yako moja, akirudi nimwambie mna mali ya mzee, asiguse."

Fisi akapendezwa. Akaitoa njugu iliyokuwa shavuni, akaitupa, ta.

Akataja saba. Wakapanga, ta, ta, ta: haikubaki. Fisi akasema hiyo ilikuwa ya majaribio tu. Akataja tisa: haikubaki. Nane: haikubaki. Majirani wakaja mmoja mmoja, Nungunungu akasaidia kupanga, Kanga akahesabu kwa sauti. Namba zote zikaisha. Fisi, mate yamemkauka, akaomba angalau arudishiwe njugu yake.

"Chukua, mzee," akasema Bi Kindi. "Ila mpimaji akipunguza lundo la mtu lililokwisha kupimwa, anaitwa nani?"

"Mwizi," akajibu Kanga.

Majirani wakamtazama Fisi usoni, kwa mara ya kwanza. Kisha wakaenda wote ghalani kwake, wakataja namba, wakampima. Zikabaki.

Ngano yangu imetua hapo, anayetaka kuibeba aibebe. Na fundisho lake, wanangu, ni kwamba hesabu ni kitu cha hatari. Fisi wa watu alikuwa na ghala zima, akajifunza kuhesabu mpaka kumi, sasa analala njaa. Basi kesho msiende shule.