Hodi Tatu za Jumbe Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, alikuwako muuguzi mmoja, Bi Sikudhani Pimbi. Shikeni jina hilo vizuri. Yule akaaye mtini ni perere. Huyu wetu wa majabalini ndiye pimbi.

Asubuhi moja aliitwa kwa Pundamilia. Akawakuta baba, mama na watoto wawili hoi, wanatapika na kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Ugonjwa huo aliujua. Ng'ambo ya mto ulimwua mumewe kabla ya adhuhuri, kisha ukawazoa waliokuja kumjulia hali.

"Kipindupindu," alisema.

Akachemsha maji, akatia chumvi na sukari, akawanywesha. Akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akakimbia, ti ti ti, hadi kwa Jumbe Tembo.

"Jumbe, wakataze watu kwenda kwa Pundamilia."

"Nikataze watu kumwona mgonjwa? Tunakwenda leo hii, kijiji kizima! Sinia la wali liko tayari, tutakula nao pamoja."

"Mtakufa, Jumbe."

Kiboko, aliyeketi kando ya Jumbe, akacheka, kwa kwa kwa! "Kapimbi haka! Maradhi gani yatamwangusha Tembo?"

"Mimi nimelelewa," Tembo akasema. "Sijakosa adabu hata siku moja."

Pimbi akauliza: "Hata adabu ya hodi, Jumbe?"

"Hodi tatu! Usipokaribishwa, rudi kwenu. Aingiaye bila karibu ni mwizi, hata akiwa jumbe."

"Nimekusikia, baba." Huyoo, mbio!

Alipofika kwa Pundamilia alifunga mlango. "Atakayepiga hodi asijibiwe. Hata kukohoa msikohoe."

"Lakini ni Jumbe!" Pundamilia aliguna. "Nitaonekanaje?"

"Utaonekana hai."

Punde si punde, ndi! ndi! ndi! Ardhi ikatikisika.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodiii!"

Mtoto wa Pundamilia akafumbua kinywa: "Ka..." Pimbi akamtia kijiko cha dawa mdomoni.

"Hodi ya tatu!"

Kimya.

"Moshi ule unafuka," Kiboko akasema. "Wamo! Sukuma mlango."

"Niwe mwizi mimi?" Tembo akafoka. Akageuka na sinia lake, na kijiji kizima nyuma yake.

Siku nane alikuja, siku nane alirudi, na kila siku masikio yake yalizidi kupepea kwa hasira. Ndani, Pimbi alichemsha maji, alifua, alinywesha, wala hakulala usingizi wa kushiba.

Siku ya tisa Tembo akapiga hodi ya kwanza tu.

"Karibu, Jumbe! Maji na sabuni hapo mlangoni. Nawa kwanza."

Tembo akapita bila kunawa, akawakuta wanne wote wameketi, wamekonda, wanakula uji.

"Kumbe mlikuwamo! Umenidanganya, Pimbi!"

"Kwa neno gani, Jumbe? Sikusema hata moja."

Kiboko, nyuma yake, akaguna. Tembo akageuka kuwatazama watu wake, mmoja mmoja, kwa majina. Hakupungua hata mmoja.

Akarudi mlangoni, akatumbukiza mkonga katika maji, akaupaka sabuni mpaka juu.

Basi, wajukuu, hadithi imefika mlangoni nayo inaishia hapo: maradhi ya kuambukiza huzuiwa siku ile ile ya kwanza, hata kama wakubwa watanuna.