Nungunungu na Miche Kumi ya Maua

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa, wadogo kwa wakubwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Ya leo haina kicheko.

Hapo zamani, kale ya kale, alikuwepo Nungunungu, mama wa mtoto mmoja. Mtoto aliitwa Kijino. Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likawaka. Nungunungu akachimba mizizi huku, akapata vumbi. Akachimba kule, akapata vumbi. Kijino akakonda, miguu ikawa vijiti. Asubuhi moja mama akaita, "Kijino!" Kimya. "Kijino, mwanangu!" Kimya jii.

Wakamzika.

Katika nchi ile, aliyefiwa alipanda maua kaburini masika yakianza. Jirani yake Fuko, mjuzi wa udongo, akamletea mbegu kumi za maua ya manjano.

"Dada, nje bado kukavu. Zioteshe ndani ya shimo lako, kwenye vifuu vya nazi, karibu na mlango zipate mwanga."

"Nitazilisha nini, kaka?"

"Kwanza maji tu. Majani mawili ya mwanzo huja na chakula chake. Subiri yatoke mengine. Hapo loweka samadi kidogo, uizimue kwa maji mengi mpaka rangi ipauke. Kidogo, mara moja kwa wiki. Mizizi yake bado nyuzi."

Nungunungu akapanda. Lakini jua alikuwa analiogopa. Akavificha vifuu ndani kabisa, gizani.

Siku ya sita, chipu! Mche mmoja. Chipu! Wa pili. Mpaka kumi. Ilikuwa mirefu, myembamba, imepauka. Nungunungu akaitazama, akaiona miguu ya Kijino.

"Ndani ya nyumba hii hafi mtu tena kwa njaa," akasema.

Akaenda zizini kwa Mbuzi, akabeba samadi mbichi. Akaikoroga, ikawa nzito, nyeusi tii. Akamimina, bwaa!

"Kuleni, wanangu."

Kesho yake ncha za majani zikawa kahawia. "Bado wana njaa." Bwaa! Keshokutwa yake majani yakajikunja. "Hawajashiba." Bwaa! Siku ya nne mche mmoja ukalala. Ukalala wa pili. Ukalala wa tatu.

Fuko akapita, akasikia harufu. Akaingia mbio, akapapasa kifuu baada ya kifuu.

"Dada, umewapa nini?"

"Chakula."

"Kiasi gani?"

Nungunungu akamsogezea samadi iliyobaki. Miiba ilimtetemeka, cha, cha, cha.

"Umeiunguza mizizi yao," Fuko akasema polepole. "Hawakuwa na njaa."

"Walikonda, kaka! Nimewaona kwa macho yangu!"

"Walikuwa wanatafuta mwanga."

Nungunungu akaanguka chini, pu! "Kijino nilikosa cha kumpa, akafa. Hawa nimewapa, wanakufa pia. Mimi ni mama gani?"

Fuko akarudi kwenye vifuu. Alipapasa mpaka akapata mche mmoja tu kati ya kumi wenye ubichi kwenye shina. Akausuuza udongo wake kwa maji safi, to, to, to. Akausogeza mlangoni.

Wiki tatu Nungunungu hakuupa ila maji. Mikono ilimwasha kuongeza, akaikalia. Wiki ya nne likachomoza jani jipya. Akazimua samadi, akatia kiganja kimoja. Akasubiri wiki nzima. Kila siku ilikuwa ndefu kuliko ya jana.

Masika yakafika. Makaburi ya wengine yakawa manjano. La Kijino lilikuwa na mche mmoja, mfupi, umepinda. Mwaka ule mche haukutoa ua. Nungunungu alikaa kando yake, mvua ikamlowesha mpaka kwenye ngozi. Hakuuongezea kitu.

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: kichanga hulishwa kwa kadiri ya tumbo lake, si kwa kadiri ya uchungu wa anayelisha. Na anayejua akikuambia subiri, subiri, hata kama moyo unakuuma.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipofika, na hapa ndipo ninapoiacha.